Je, Vyuo vya Marekani Hupekua Mitandao ya Waombaji? Hotuba kwa Wanafunzi na Wazazi

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wanafunzi wanaoomba vyuo vikuu vya Marekani, wazazi wao na walimu. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu wazazi na walezi, walimu wetu, na nyinyi vijana mnaoomba vyuo msimu huu, hamjambo.

Tumekutana kwa sababu ya swali linalowakosesha wengi wenu usingizi. Je, yule ofisa wa udahili kule Marekani, akishashika faili langu, anafungua na Instagram yangu? Anaingia TikTok? Anatafuta nilichoandika nikiwa na miaka kumi na mitatu?

Jibu nalitoa mapema. Mara nyingi, hapana. Mara chache, ndiyo. Na hizo mara chache ndizo zinazogharimu, kwa sababu haziji kwa bahati nasibu: karibu kila mara kuna mtu aliyemwonyesha ofisa mahali pa kutazama. Nawaomba mlishike hilo, maana mengine yote nitakayosema yanatokana nalo.

Tuanze na meza ya ofisa mwenyewe. Hofu nyingi inatokana na kutojua kazi ile inavyokwenda.

Maombi yanamiminika. UCLA, chuo kikuu cha umma kule Los Angeles, peke yake hupokea zaidi ya maombi 140,000 ya mwaka wa kwanza kwa msimu mmoja. Harvard, kwa wanafunzi walioanza mwaka 2024, ilipokea zaidi ya 54,000. Na faili moja lina nini ndani? Kwa wanaopitia Common Application, mfumo unaotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, ofisa anakuta matokeo yako, maelezo kuhusu shule yako, barua za walimu, barua ya mshauri wa shule, insha isiyozidi maneno 650, na orodha ya shughuli zisizozidi 10. Kila shughuli umeieleza kwa herufi 150 tu, nafasi zikihesabiwa. Juu ya hapo kuna insha za ziada ambazo chuo chenyewe kimeuliza. Yote hayo ofisa anayasoma kwa dakika chache, anaandika muhtasari, anapendekeza, anachukua faili linalofuata.

Sasa pigeni hesabu pamoja nami. Tuseme ofisa ana mafaili 1,000. Akiongeza dakika tano tu kwa kila mwombaji ili atafute jina lake mitandaoni, hizo ni dakika 5,000, yaani zaidi ya saa 83. Ni wiki mbili nzima za kazi, katika msimu ambao tayari anasoma usiku na siku za mapumziko. Nani atampa hizo wiki mbili?

Kampuni ya Kaplan, inayoandaa wanafunzi kwa mitihani ya kuingia vyuoni, imekuwa ikiwauliza maofisa wa udahili swali hili tangu mwaka 2008. Mwaka huo karibu asilimia 10 walisema wamewahi kutembelea ukurasa wa mwombaji. Mwaka 2015 idadi ilifika asilimia 40. Mwaka 2018 ilishuka hadi asilimia 25. Mwaka 2023 ilikuwa asilimia 28, ingawa asilimia 67 ya maofisa walisema kwao kufanya hivyo ni halali.

Hapa ndipo wengi hupotoka. Asilimia 28 ya maofisa haina maana ya asilimia 28 ya waombaji. Ofisa aliyefungua ukurasa wa mwombaji mmoja tu kati ya elfu anahesabiwa sawasawa na yule anayefungua kurasa za mia mbili. Kwa hiyo anayewaambia kwamba mwombaji mmoja kati ya wanne anapekuliwa, anawatisha bure.

Tena wapo maofisa wanaokataa kabisa kutazama, na sababu yao ni ya haki. Mwombaji mmoja ana akaunti ya wazi, mwingine hana akaunti hata moja, wa tatu ana jina linalofanana na la watu hamsini. Utawalinganishaje? Zaidi ya hapo, picha za mtu zinaonyesha rangi yake, dini yake, familia yake, afya yake. Tangu tarehe 29 Juni 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kesi dhidi ya Harvard na University of North Carolina, vyuo havitakiwi kupima mwombaji kwa rangi yake. Ofisa makini hana haja ya kujitafutia taarifa ambazo baadaye ataulizwa kama zilimyumbisha.

Basi, kama hawapekui ovyo, wanafikaje kwenye ukurasa wako?

Wanafika kwa njia chache zinazojulikana. Mtu anatuma skrinishoti chuoni, kwa jina lake au bila jina. Wewe mwenyewe umeweka kiungo kwenye maombi. Umedai jambo kubwa na ofisa anataka kujiridhisha. Unaombewa nafasi na kocha wa michezo. Unashindania ufadhili mkubwa ambao wagombea wake ni wachache. Au umekitaja chuo chenyewe mtandaoni.

Hiyo ya mwisho watu huisahau. Vyuo hufuatilia kila mahali majina yao yanapotajwa, kama taasisi nyingine kubwa zinavyofanya. Mwaka 2013 gazeti la New York Times liliandika kisa cha mwombaji aliyehudhuria kikao cha utambulisho katika chuo cha Bowdoin, jimboni Maine. Akiwa amekaa humo humo ukumbini, alikuwa akiandika Twitter maneno machafu kuhusu waombaji wenzake waliokaa naye. Chuo kiliyaona kwa sababu kilikuwa kinafuatilia kinavyotajwa. Mkuu wa udahili wa wakati huo, Scott Meiklejohn, alieleza kwamba matokeo ya mwombaji yule hayakutosha kumpa nafasi, lakini hata kama yangetosha, maneno yale yangeweza kumharibia. Mnaona jinsi lilivyokwenda? Hakuna aliyekwenda kumpekua. Yeye ndiye aliyepeleka maneno yake mlangoni kwa chuo.

Kwa hiyo ukiwa umekwenda kutembelea chuo, au umeingia kwenye kikao cha mtandaoni, usiandike lolote kukihusu chuo hicho ambalo usingelisema mbele ya anayekiendesha kikao. Wazazi, na nyinyi pia. Mzazi anayegombana na ofisi ya udahili kwenye ukurasa wa chuo, kwa jina lake kamili la ukoo, anakuwa ameshamtaja mwanawe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa tukae nalo kidogo, kwa sababu ndipo vijana wengi wanapoumia. Ni skrinishoti kutoka ndani ya grupu.

Desemba 2016 waliokubaliwa na Harvard kwa darasa la 2021 walianza kukutana Facebook, kama waliokubaliwa wanavyofanya kila mwaka. Likazaliwa grupu la picha za utani lenye watu kama 100, na lilikuwa na picha za kawaida. Ndani yake kikatoka kikundi kidogo cha siri. Na ili uingie kwenye kikundi hicho cha siri ilibidi kwanza uposti picha ya uchokozi kwenye grupu kubwa, mbele ya watu wote. Humo ndani zikapitishwa picha zinazocheka mauaji ya Wayahudi, zinazocheka ubakaji wa watoto, zinazodhalilisha makabila. Katikati ya Aprili 2017 ofisi ya udahili ikawaandikia wahusika, ikiwataka wataje kila picha waliyotuma. Wakaambiwa wasije kwenye sherehe za kuwakaribisha wanafunzi wapya. Baadaye angalau kumi walipokea barua kwamba nafasi zao zimetenguliwa, na kwamba uamuzi huo ni wa mwisho. Habari hiyo ilitolewa na gazeti la wanafunzi wa chuo hicho hicho, The Harvard Crimson, Juni 2017.

Najua mtu anajiuliza: lakini grupu si lilikuwa la siri? Lilikuwa la siri. Kila aliyekuwamo alikuwa ameruhusiwa kuingia. Na hata hivyo picha zilitoka. Zinatokaje? Zinatoka kwa sababu grupu la watu mia moja lina simu mia moja, na kila simu ina kitufe cha kupiga picha skrini yake. Snapchat humjulisha mtumaji pale ujumbe wake unapopigwa skrinishoti, ndiyo, lakini mtu akiinua simu ya pili na kuipiga picha ya kwanza, hakuna anayejulishwa. Anayetuma ujumbe kwa mtu mmoja hana uwezo wa kujua utasomwa na wangapi.

Na tazameni sharti lile la kuingia: posti kwanza kitu kibaya hadharani, ndipo tukupokee. Kijana wangu, ukiona grupu linakutaka uthibitishe urafiki kwa kujichafua, toka siku hiyo hiyo. Usikae kimya ndani yake ukidhani ukimya utakusaidia, kwa sababu orodha ya wanachama nayo huonekana kwenye skrinishoti.

Nani anazituma hizi skrinishoti? Mara nyingi ni mtu anayekufahamu: mwanafunzi mwenzako, mpenzi mliyeachana, rafiki mliyegombana, mzazi wa mwenzako aliyekosa nafasi. Wapo wanaotuma kwa sababu wameumizwa kweli na ulichoandika, na hao wana haki ya kusema. Wapo wanaotuma kwa husuda. Ofisi ikipokea ujumbe wa namna hiyo, kwa kawaida haikurupuki. Inajaribu kuthibitisha kwamba akaunti ni yako, inaweza kumpigia mshauri wa shule yako, inaweza kukuandikia wewe ueleze, ndipo kamati ikae.

Na umri hausamehewi kirahisi kama mnavyodhani. Gazeti hilo la New York Times lilieleza mwishoni mwa 2020 kisa cha msichana aliyekuwa amekubaliwa University of Tennessee. Alipokuwa na miaka 15 alimtumia rafiki yake video ya Snapchat ya sekunde tatu, na ndani yake alitamka tusi la ubaguzi wa rangi. Sekunde tatu tu. Video ikapita mkono hadi mkono, ikamfikia mwanafunzi mwenzake, naye akaihifadhi. Mwaka 2020, wakati Marekani nzima ilikuwa mitaani kwa ajili ya George Floyd, Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi, akaitoa hadharani. Watu waliandika kwa mamia kukitaka chuo kimwondoe. Aliondolewa kwenye timu ya ushangiliaji, kisha kwa shinikizo akaiachia nafasi yake. Mwaka huo huo, chuo cha Marquette huko Milwaukee kilitengua nafasi na ufadhili wa michezo wa mwanafunzi aliyekuwa aanze mwaka wa kwanza, kwa sababu ya alichoposti Snapchat kuhusu kifo cha Floyd.

Mmegundua kitu kinachofanana katika visa vyote hivi, ukiacha kile cha Bowdoin? Wote walikuwa wameshakubaliwa. Wote. Watu wanasafisha akaunti zao Oktoba, kabla ya kutuma maombi, kisha barua ikifika Machi wanaona wamevuka, wanaachia. Lakini hatari kubwa iko hapo, kati ya barua na siku ya kwanza ya darasa.

Kwa nini hapo? Kwanza, barua ya kukubaliwa ina masharti. Yasomeni. Mnayafahamu yale ya kumaliza shule kwa alama zisizoporomoka. Lakini lipo na sharti la mwenendo. Harvard, kwa mfano, huwaeleza waliokubaliwa kwamba inaweza kutengua nafasi iwapo mwanafunzi atafanya jambo linalotia shaka uaminifu wake, ukomavu wake au maadili yake. Pili, kabla ya kukubaliwa wewe ni jina moja kati ya maelfu na hakuna anayekujali. Ukishatangaza chuo chako, kila mwenye kinyongo anajua barua aipeleke wapi. Tatu, ni tarehe. Vyuo vingi vya Marekani vinataka jibu lako na malipo ya kushikilia nafasi kufikia tarehe 1 Mei. Siku hiyo unaviaga vingine vyote. Nafasi ikitenguliwa Juni, unarudi wapi?

Lilimkuta mwanafunzi mmoja aliyekubaliwa Harvard mwaka 2019. Yalitoka maneno ya kibaguzi aliyoyaandika na wenzake akiwa na miaka 16, tena kwenye hati ya Google waliyokuwa wakijisomea pamoja, hata mtandao wa kijamii haukuwa. Mei ofisi ya udahili ilimpa saa 72 aeleze kwa maandishi. Aliandika, aliomba radhi. Juni nafasi ikatenguliwa, na ombi lake la kuonana na maofisa ana kwa ana likakataliwa. Ofa nyingine, zenye ufadhili mkubwa kama alivyoeleza mwenyewe, alikuwa ameshazikataa.

Saa 72, wazazi. Ndiyo sababu nasema barua pepe uliyotumia kwenye maombi iendelee kusomwa kila siku hadi chuo kifunguliwe. Na barua ya namna hiyo ikifika, kijana asijibu peke yake usiku akiwa na hofu. Mzazi ajue, mshauri wa shule ajue, siku hiyo hiyo. Jibu liwe fupi na la kweli: nilichoandika ni hiki, nilikiandika lini, kwa nani, na tangu hapo nimefanya nini. Msiseme akaunti ilidukuliwa kama haikudukuliwa. Uongo wa pili ukigundulika, hakuna kamati itakayoendelea na mazungumzo.

Kuna watakaouliza, uhuru wa kusema uko wapi? Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, yanayolinda uhuru huo, yanaibana serikali, kwa hiyo yanavigusa vyuo vya umma. Vyuo binafsi kama Harvard na Marquette havifungwi nayo. Na hata ukiwa na hoja nzuri dhidi ya chuo cha umma, kesi huchukua miaka, na wewe ulitaka kuanza masomo Agosti.

Niguse kwa ufupi suala la madai. Herufi 150 ni chache, na zinamshawishi mtu kutia chumvi. Umeandika kwamba umeanzisha shirika lenye wanachama elfu tano. Ofisa anavutiwa, anatafuta, anakuta ukurasa wenye posti tatu zilizowekwa siku moja, wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho. Machi 2019 Marekani ilitikiswa na kashfa ya Rick Singer, mtu aliyewatengenezea watoto wa matajiri wasifu wa uongo wa michezo. Wengine walipigwa picha wakiwa kwenye mashine za mazoezi ya kupiga makasia ilhali mchezo wenyewe hawajawahi kuucheza. Tangu hapo hakuna anayeshangaa ofisa akitaka kuona ushahidi. Mfumo wa University of California wenyewe huchagua baadhi ya waombaji kwa bahati nasibu na kuwataka walete uthibitisho wa jambo fulani walilodai, na asiyeuleta ombi lake hufutwa. Andika namba unayoweza kuionyesha.

Kama una kazi inayostahili kuonekana, muziki, picha, programu ulizoandika, basi weka kiungo mahali fomu inapouliza, na kabla ya kutuma kifungue kwenye simu ya mtu mwingine ambayo haijaingia kwenye akaunti yako. Viungo vingi hufa hapo: vinadai neno la siri, au vinaonyesha ukurasa wa kuomba ruhusa. Ofisa hataomba ruhusa. Ataendelea na faili. Wanamichezo, kwenu nyinyi hadithi ni tofauti kidogo. Makocha hufuatilia akaunti za wachezaji wanaowataka, wanafanya hivyo waziwazi, na wamewahi kutangaza kwamba wameacha kumfuata mchezaji kwa sababu ya anachoposti. Kwa mwanamichezo, hesabu kwamba unatazamwa.

Haya, tufanye kazi yenyewe sasa. Maombi ya mapema mengi hufungwa tarehe 1 Novemba. Anzeni miezi miwili kabla, na mtaona kwa nini.

Anza kwa kujitafuta kama mgeni. Fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari, ukiwa hujaingia kwenye akaunti yoyote. Andika jina lako kamili ndani ya alama za kunukuu. Kisha jina na shule. Kisha kila jina la akaunti ulilowahi kutumia. Kisha namba yako ya simu. Angalia na upande wa picha. Ukikuta mtu mwingine mwenye jina kama lako na mambo yake ni mabaya, hifadhi kiungo na umwarifu mshauri wa shule mapema, ili akipigiwa simu awe na jibu.

Halafu tafuta akaunti ulizozisahau. Ingia kwenye barua pepe zako zote, hata ile ya zamani yenye jina la utani, na utafute majina ya mitandao. Zile jumbe za kukukaribisha au kuthibitisha akaunti zitakuonyesha ulikojisajili.

Kisha funga milango, na hapa ndipo watu hukosea. Kuifanya akaunti ya Instagram iwe ya faragha hakufichi kila kitu. Picha ya wasifu inabaki wazi. Maneno ya utambulisho yanabaki wazi. Na komenti ulizoandika kwenye kurasa za wazi za watu wengine zinaonekana na yeyote anayezisoma kurasa hizo. Kijana ana akaunti iliyofungwa vizuri, lakini chini ya video ya msanii maarufu ameacha matusi kwa jina lake kamili. Hizo lazima uzifute moja moja. Instagram ina sehemu ya shughuli zako inayokuonyesha komenti zako zote, itumie.

Kuhusu tagi: weka mpangilio wa kuidhinisha mwenyewe kila tagi kabla haijatokea kwenye ukurasa wako. Lakini kujiondoa kwenye tagi hakuifuti picha. Picha bado iko kwa aliyeiweka. Kama ni mbaya kweli, mpigie simu umwombe aifute, kwa adabu. Kwenye Facebook kuna mpangilio wa kuzibana posti za zamani, ambao kwa mara moja hugeuza zote zilizokuwa za watu wote ziwe za marafiki tu. Na marafiki wenyewe? Akaunti ya faragha yenye wafuasi 900 ina faragha gani? Pitia orodha, ondoa usiowafahamu.

Kuhusu kufuta. Posti ya Instagram uliyoifuta hukaa kwanza hadi siku 30 kwenye sehemu ya vilivyofutwa karibuni. Ukifuta akaunti nzima ya Facebook au Instagram, unapewa siku 30 za kughairi, na data yenyewe inaweza kuchukua hadi siku 90 kuondolewa. Matokeo ya Google nayo hubakiza kumbukumbu ya ukurasa kwa muda. Kuna fomu ya Google ya kuomba matokeo yaliyopitwa na wakati yaondolewe. Ndiyo maana nikasema miezi miwili, na ukiweza mitatu.

Wazazi, ombi moja kwenu kabla sijaendelea. Barua ya kukubaliwa ikija, furahini, lakini msiiposti ikiwa nzima. Ina namba ya mwombaji. Mtu mwenye namba hiyo na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto anaweza kujaribu kuingia kwenye ukurasa wake wa maombi. Funikeni namba, au andikeni tu kwamba mtoto amepata.

La mwisho ni la viza, na linagongana kidogo na hayo niliyowaambia sasa hivi, kwa hiyo naomba utulivu.

Chuo huenda kisitazame mitandao yako. Serikali ya Marekani inakuuliza moja kwa moja. Tangu mwishoni mwa Mei 2019 fomu ya DS-160 inamtaka mwombaji wa viza ataje majina ya akaunti zake kwenye mitandao iliyoorodheshwa humo, alizotumia katika miaka mitano iliyopita. Na Juni 2025 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilitangaza kwamba waombaji wa viza za F, M na J, yaani wanafunzi na wa programu za mabadilishano, watakiwe kuziweka akaunti zao wazi ili zikaguliwe. Kwa hiyo akaunti uliyoifunga wakati wa maombi ya chuo, utaifungua wakati wa viza. Usifikiri kwamba kilicho nyuma ya mlango uliofungwa hakihitaji kusafishwa.

Na mpakani pia kuna ukaguzi. Agosti 2019 kijana Mpalestina aliyekuwa akiishi Lebanon alifika uwanja wa ndege wa Boston kuanza Harvard. Alirudishwa. Alieleza kwamba alihojiwa kwa saa kadhaa, simu na kompyuta yake zikakaguliwa, na akaulizwa kuhusu posti za kisiasa za marafiki zake, ambazo yeye mwenyewe alisema hakuzigusa hata kwa kulaiki. Baada ya siku kama kumi aliruhusiwa kuingia, akawahi masomo. Alikuwa na chuo kikubwa, wanasheria na magazeti nyuma yake. Wengi hawana.

Sasa unganisheni mambo mawili: kufuta, na miaka mitano. Akaunti uliyoifuta Septemba bado ni akaunti uliyoitumia ndani ya miaka mitano. Fomu inataka uitaje. Kijana akiifuta bila kuandika jina lake popote, miezi minane baadaye hakumbuki kama lilikuwa na nukta au mstari wa chini, anaacha pengo, na fomu ile anaitia saini kwamba yaliyomo ni kweli na kamili.

Kwa hiyo, kabla hujafuta hata akaunti moja, chukua daftari. Andika mtandao, jina la akaunti herufi kwa herufi, barua pepe uliyojisajilia, mwaka ulioanza, mwezi ulioacha. Pakua na nakala ya data yako, kila mtandao mkubwa una mahali pa kuiomba, na inaweza kuchukua siku kadhaa kufika. Ukishapata nakala, ndipo ufute. Daftari hilo mpe mzazi alitunze pamoja na pasipoti. Na siku ya kujaza DS-160, soma kwanza maelekezo ya ubalozi unaokuhusu, kwa sababu masharti haya yamebadilika mara kadhaa na yanaweza kubadilika tena.

Tupokee maswali. Mwenye simu yenye chaji aje nayo mbele, tutaanza na lile la kujitafuta kwenye dirisha la faragha, hapa hapa, mmoja baada ya mwingine.